Springi, Mizani na Barabara ya Ngong

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa wamiliki wa magari ya porini jijini Nairobi ni kwamba springi ni kinga dhidi ya mashimo, ilhali kazi yake ya kwanza ni kubeba uzito, na swali la mashimo, matuta na mawe haliwezi kujibiwa ipasavyo kabla uzito huo haujajulikana kwa mizani. Kumbukumbu hizi zimetokana na miaka ambayo mwandishi alikuwa karani wa gereji katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wa jiji bado huiita Grogan, na baadaye katika karakana ya kuundia magari ya porini nje kidogo ya Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji. Na kwa kuwa kazi ya karani ni kuandika kilichonunuliwa, kilichofungwa na kilichorudishwa, yapo mambo kuhusu springi ambayo daftari huyaonyesha wazi kuliko yanavyoonekana na fundi aliyelala chini ya gari.

Koilova, kifaa kinachohusika hapa, ni springi ya mzunguko iliyovikwa juu ya shokabzoba na kushikiliwa kwa kola yenye hesi, hivi kwamba vitu viwili ambavyo katika magari mengi hukaa mbalimbali huwa kitu kimoja kinachoweza kurekebishwa kwa spana. Shokabzoba, ambayo mafundi huifupisha kuwa shoki, haibebi gari, isipokuwa kwa kiasi kidogo kinachotokana na gesi iliyoshindiliwa ndani yake. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya kubonyezwa, nayo huifanya kwa kuyalazimisha mafuta yapite katika vitundu vyembamba na hivyo kuugeuza mwendo kuwa joto. Ugumu wa springi nao ni uzito unaohitajika ili ibonyee kwa kipimo fulani, na katika springi ya kawaida kipimo hicho hakibadiliki, yaani uzito ukiongezwa maradufu springi hubonyea maradufu, kanuni ambayo Mwingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678. Springi zinazofika Nairobi kwa ajili ya koilova huandikwa ugumu wake kwa pauni kwa inchi, kwa sababu nyingi hufuata vipimo vya Marekani. Msomaji atosheke kukumbuka kwamba pauni 100 kwa inchi ni karibu sawa na kilo 18 kwa sentimita.

Katika maduka ya Grogan, mteja aliyekuja kutafuta springi aliomba karibu kila mara springi ngumu, na neno hilo lilibeba sifa ya nguvu na uimara kana kwamba springi laini ni springi dhaifu. Mazoea hayo yalikuwa na sababu zake, kwani Land Rover za zamani na lori nyepesi zilizolea vizazi vya mafundi wa eneo hilo zilikuwa na springi za majani, yaani vipande vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na gari lililochoka lilitibiwa kwa kuongezewa jani au kwa majani yake kupashwa moto na kukunjwa upya. Tiba hiyo ililifaa gari lililobeba viazi kutoka Kinangop wiki nzima. Iliyofuata, hata hivyo, ni hali ambayo mmiliki wa Land Cruiser anayeishi Lavington au Karen, na ambaye gari lake hupanda Barabara ya Ngong asubuhi likiwa na mtu mmoja na mkoba wa kompyuta, alinunua springi za nyuma zilizokusudiwa kubeba kilo 400 za ziada muda wote, kwa sababu mara chache kwa mwaka alitarajia kwenda Turkana na hema, maji na mafuta ya akiba.

Tofauti kati ya gari hilo likiwa tupu na likiwa limesheheni inaweza kukadiriwa kwa hesabu fupi. Springi ya nyuma yenye ugumu wa kilo 40 kwa sentimita, ikibebeshwa kilo 600, hubonyea sentimita 15, na bodi ya gari iliyotikiswa hupanda na kushuka takriban mara 1.3 kwa sekunde. Ikibebeshwa kilo 400 hubonyea sentimita 10 pekee, na mtikisiko huo hufikia karibu mara 1.6 kwa sekunde. Pengo hilo linaweza kuonekana dogo kwenye karatasi, lakini magari mengi ya abiria husanifiwa kati ya mara 1 na mara 1.5, na mwili wa binadamu, ambao umezoea mdundo wa kutembea, huhisi upesi gari linapovuka kiwango hicho. Jambo linalofaa kuzingatiwa ni kwamba idadi ya mitikisiko kwa sekunde hutegemea kina ambacho springi imebonyea chini ya uzito wa gari lililosimama, wala haitegemei ugumu peke yake: springi iliyobonyea sentimita 25 hutoa takriban mtikisiko mmoja kwa sekunde, liwe gari dogo la Suzuki au lori. Kwa hiyo anayeuliza kama springi ya pauni 200 ni ngumu au laini hawezi kujibiwa mpaka aseme inabeba nini.

Nairobi ina mahali pengi pa kuthibitishia hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna mtaa wa magharibi usio na matuta. Magurudumu ya mbele hulipanda tuta kwanza na ya nyuma hufuata baada ya muda mfupi, na ikiwa ncha mbili za gari hutikisika kwa kasi iliyo sawa, mbele itakuwa inashuka wakati nyuma inapanda, nalo gari litaendelea kuinama na kuinuka hata baada ya tuta kupitwa. Mhandisi Maurice Olley, aliyefanya kazi katika kampuni ya General Motors miaka ya 1930, alionyesha kwamba dawa ni kuifanya nyuma itikisike kwa kasi zaidi kidogo kuliko mbele, ili iifikie mbele kabla mwendo haujaisha. Kanuni hiyo imedumu, ila wateja wa karakana ya Barabara ya Ngong mara nyingi walikuwa wameivunja bila kujua, kwa kufunga bamba zito la chuma na winchi mbele bila kubadilisha springi za mbele, na wakati huohuo kuweka nyuma springi ngumu kupita kiasi, hata nyuma ikarusha abiria na mbele ikazama. Wengi wao waliilaumu shoki. Baadhi walikuwa tayari wamenunua shoki mpya za bei ghali kabla ya kufika, nazo hazikuondoa tatizo, kwa kuwa gari lilikuwa likitikisika kwa kasi ileile, ingawa kwa muda mfupi zaidi.

Utaratibu uliofuatwa katika karakana hiyo, na ambao mwandishi aliuona ukitumika kwa magari ya aina nyingi, ulianza na mizani kabla ya orodha yoyote ya bei kufunguliwa. Gari lilipimwa gurudumu moja moja juu ya sakafu iliyo sawa, likiwa na mafuta, tairi la akiba, jeki, vifaa, maji na watu wa uzito wa kawaida katika viti vyao, kwa maana pembe moja ya gari inaweza kuizidi nyingine kwa makumi ya kilo kutokana tu na mahali lilipowekwa tangi au betri ya pili. Mizani ya magurudumu manne ni kifaa ghali, na penye upungufu palitumika mizani ya wafanyabiashara wa vyuma chakavu, ekseli ya mbele ikipimwa peke yake kisha ya nyuma. Kwa njia hiyo tofauti ya kushoto na kulia hupotea, lakini hilo ni afadhali kuliko uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari, ambao ni wa gari lililotoka kiwandani na wala si wa gari lililoongezewa keria, bamba, winchi na droo za mbao.

Uzito uliopatikana haukutumika mzima. Sehemu yake haibebwi na springi hata kidogo, nayo ni magurudumu, breki na ekseli pamoja na difu yake, vitu ambavyo hukanyaga ardhi moja kwa moja na kupanda na kushuka pamoja nayo. Tuseme pembe ya mbele inasoma kilo 560, na kati ya hizo kilo 110 ni za gurudumu na nusu ya ekseli. Kilichobaki kwa springi ni kilo 450. Ikiwa shoki ina mwendo wa sentimita 35 kutoka kunyooka hadi kubonyea kabisa, na gari linakusudiwa kusimama shoki ikiwa imebonyea sentimita 18, na ikiwa springi imebanwa kwa kola sentimita 7 wakati shoki imenyooka, basi gari likisimama springi itakuwa imebonyea jumla ya sentimita 25, na kilo 450 zikigawanywa kwa 25 hutoa kilo 18 kwa sentimita, yaani zile pauni 100 kwa inchi. Hapo ndipo wateja wengi waliposhtuka, maana walikuwa wamekuja wakitaka pauni 300. Kubana kola, ambako mafundi wasiozoea koilova hukutumia kama njia ya kuigeuza springi iwe ngumu, hakubadilishi ugumu hata chembe. Huinua gari tu, na kuipunguzia shoki nafasi ya kunyooka gurudumu linapoingia shimoni.

Hesabu hiyo inafaa pale koilova inaposimama karibu wima juu ya ekseli nzima, kama ilivyo katika magari mengi yaliyoundwa upya kwa ajili ya mawe. Penye mkono unaojitegemea kwa kila gurudumu, springi hufungwa mahali fulani kati ya bawaba na gurudumu, na hesabu hugeuka ghafla: springi ikisogea sentimita 7 kwa kila 10 za gurudumu, itabeba takriban kilo 643 ili kulishikilia gurudumu la kilo 450, na ugumu unaohisiwa kwenye gurudumu huwa chini ya nusu ya ule ulioandikwa kwenye springi, kwa kuwa uwiano huo wa 0.7 huhesabiwa mara mbili, yaani 0.7 mara 0.7, ambayo ni 0.49. Kuchukua springi zilizofaulu katika gari la jirani, bila kupima mahali zilipofungwa, ni kununua namba isiyo na maana.

Koilova ndefu mara nyingi huwa na springi mbili, moja juu ya nyingine, zikitenganishwa na pete inayoteleza, na mpangilio huu huwatatanisha watu wengi kwa sababu ugumu wa pamoja huwa mdogo kuliko wa springi yoyote kati ya hizo mbili. Springi ya juu ya pauni 150 ikiwekwa juu ya ile ya pauni 250, zote mbili hubonyea chini ya uzito uleule, na ugumu wake wa pamoja huwa takriban pauni 94, unaopatikana kwa kuzidisha namba hizo mbili kisha kugawanya kwa jumla yake. Wakazi wa Nairobi wa umri fulani walikwisha kukutana na kinyume cha mpangilio huo bila kuuona: Peugeot 504 zenye bodi ndefu, zilizokuwa zikisafirisha abiria kutoka katikati ya jiji kwenda miji ya Bonde la Ufa na magharibi, zilikuwa na springi mbili zilizosimama bega kwa bega kila upande wa ekseli ya nyuma, na springi za namna hiyo hujumlishwa, hata gari likaweza kubeba abiria, magunia na kuku juu ya keria bila kukalia ekseli yake. Kampuni ya Peugeot ilikuwa na sifa ya springi zenye mwendo mrefu, na haikosi kuwa na maana kwamba gari la 404 lilishinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, katika barabara ambazo magari magumu yalivunjika.

Faida ya kupanga springi mbili moja juu ya nyingine hujitokeza baadaye, shoki inapobonyea kiasi cha pete ile kugota kwenye kizuizi, kwani kuanzia hapo springi ya juu huacha kufanya kazi na gari hubebwa na ile ya chini peke yake. Springi hizo mbili zikifungwa katika ile pembe ya mbele yenye shoki ya mwendo wa sentimita 35, na ikiwa kizuizi kimewekwa sentimita 10 juu ya kimo cha kusimama, gari hutembea kwa ulaini wa pauni 94 mjini na kwenye njia ya kawaida, kisha sentimita 7 za mwisho hukutana na pauni 250, na nguvu ya springi iliyobonyea kabisa hupanda kutoka takriban mara 1.6 ya uzito wa pembe hiyo hadi zaidi ya mara 2, kabla mpira wa kuzuilia mwisho wa mwendo haujahesabiwa. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo jibu bora kwa mwenye gari anayeishi Kileleshwa na kusafiri Turkana, bora kuliko springi moja ngumu, ingawa linagharimu zaidi na lina pete moja zaidi ya kusafishwa matope. Mahali pa kizuizi ni pa kujaribiwa. Hakuna hesabu ya mezani inayopafahamu kikamilifu, na fundi mkuu wa karakana alikuwa akikifunga kizuizi hicho kwa mara ya mwisho baada tu ya gari kurudi kutoka kujaribiwa Kiserian.

Mashindano mawili makubwa ya Kenya huonyesha kwamba hata baada ya uzito kupimwa, bado kuna chaguo la mahali na kasi. Katika Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za uzio wa Aberdare kupitia shirika la Rhino Ark, magari hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyevifikia kwa umbali mfupi zaidi, wala kasi si hoja. Kwa hiyo dereva hukata moja kwa moja katika korongo na mawe, na kinachotafutwa ni gurudumu linaloendelea kukanyaga ardhi hata likiwa limening'inia chini kabisa. Springi laini hufaa hapo, ila ulaini una gharama yake, kwa kuwa gari likikatiza mteremko kwa ubavu, springi ya upande wa juu hunyooka na kuusukuma mgongo wa gari kuelekea bondeni, na kadiri springi zilivyofungwa karibu na katikati ya ekseli ndivyo mlalo unavyozidi. Waundaji wengine hutumia nondo ya kuzuia mlalo. Wengine huhamisha springi nje kuelekea magurudumu. Kuongeza ugumu ndiyo njia rahisi, na ndiyo inayomnyima dereva kile alichokitafuta. Safari kwa upande wake, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo mwaka 2021 ilirudi katika mashindano ya dunia, magari yakiondoka mbele ya jumba la KICC kuelekea Naivasha, ni shindano la kasi, ambapo gari hurushwa na kutua, na springi pamoja na mpira wa kuzuilia hupokea mizigo ambayo gari la Rhino Charge halikutani nayo kwa siku nzima.

Liko pia jambo ambalo springi haina uwezo nalo, na ambalo huchanganywa nayo mara nyingi, nalo ni mawimbi madogo ya barabara za changarawe kama yale ya kuelekea Suswa. Mawimbi yaliyo umbali wa sentimita 80, yakipitwa kwa kilomita 36 kwa saa, huligonga gurudumu mara 12.5 kwa sekunde, kasi ambayo bodi, kwa uzito wake, haiwezi kuifuata, lakini iliyo karibu sana na ile ambayo gurudumu lenyewe na ekseli yake hupenda kuruka. Hapo wenye kazi ni shoki na upepo wa matairi. Shoki ikifanya kazi namna hiyo kwa saa nzima, katika joto la Bonde la Ufa, mafuta yake huwa mepesi na gari huanza kuelea, na ndiyo maana shoki za koilova huwa nene na huwa na kopo la akiba la mafuta pembeni. Kadhalika, kila springi inapobadilishwa, vali za shoki hazina budi kufunguliwa na kupangwa upya, hasa zile za kurudi, kwa sababu springi ngumu zaidi hulirudisha gurudumu kwa nguvu zaidi. Kazi hiyo hupuuzwa mara kwa mara kwa kuwa haionekani gari likiegeshwa.

Springi mpya ni ghali, ushuru ukiwa juu yake, na soko la Nairobi limejaa zilizotumika, nyingi zikiwa zimepoteza rangi pamoja na namba zilizoandikwa juu yake. Springi ya aina hii inaweza kutambuliwa kwa kalipa, kwa kupima unene wa waya na upana wa mzunguko na kuhesabu mizunguko inayobonyea, bila ile ya ncha iliyolala bapa. Unene wa waya ndio wa kupimwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa huhesabiwa mara nne, wakati upana huhesabiwa mara tatu na mizunguko mara moja tu: springi yenye tundu la milimita 76 na mizunguko 10, ikiwa na waya wa milimita 13, hutoa takriban pauni 228 kwa inchi, na ikiwa na waya wa milimita 14 hufikia karibu pauni 297. Milimita hiyo moja inaweza kufichwa na rangi iliyopakwa upya. Kwa sababu hiyohiyo ya hesabu, springi iliyokatwa mzunguko mmoja ili kushusha gari huwa ngumu zaidi, si laini zaidi, na ikiwa ilikuwa na mizunguko minane hupanda kwa takriban asilimia 14. Pasipo kalipa, karakana iliiweka springi chini ya mashine ya kushindilia bushi yenye saa ya kusomea nguvu, ikaibonyeza sentimita 5 kisha 10, na kuugawa uzito ulioongezeka kati ya visomo hivyo kwa sentimita 5 zilizoongezeka; kisomo cha kwanza peke yake hakikuaminiwa, kwa kuwa springi huchukua sentimita chache kukaa sawasawa juu ya sahani, na aliyekuwa akiandika namba hizo ukutani kwa chaki alikuwa karani.